Jike Aliyekataa: Uchambuzi wa Kisa cha Nzi Mmoja wa Ndizi, Mbagala

Jumatatu saa 10 jioni, vipindi vimekwisha, watoto saba wa klabu ya sayansi waliinama juu ya chupa moja ya jemu niliyoiweka kwenye karatasi nyeupe. Ndani yake mlikuwa na nzi wawili wa ndizi, wale wadogo wenye macho mekundu wanaozagaa juu ya kila sahani ya matunda hapa Dar es Salaam. Dume alikuwa anamfuata jike. Alimgusa ubavuni kwa mguu wa mbele, akanyoosha bawa moja pembeni kama mkono wa trafiki, akalitetemesha. Jike akakimbia. Dume akamfuata, akalitetemesha tena. Jike akamrushia mateke ya nyuma, kisha akafanya jambo ambalo Jumamosi hatukuliona: alichomoza mrija wake wa kutagia mayai, mweupe na mrefu kuliko nilivyotarajia, akamwelekezea dume usoni. Dume akasimama palepale.

"Mwalimu, huyu anaumwa," akasema kijana mmoja wa kidato cha tano.

Jike huyohuyo, siku mbili nyuma, alimkubali dume mwingine ndani ya dakika sita. Chupa ni ileile, chakula kilekile, saa zilezile za jioni. Sasa saa nzima ilikuwa inapita anakataa. Kimebadilika nini, na kimebadilikia wapi: miguuni, tumboni au kichwani? Ndicho kisa ninachokichambua hapa, pamoja na kosa tulilolifanya katikati, maana nusu ya jibu ilikuwa imejificha ndani ya kosa hilo.

Nzi wenyewe tuliwatoa Mabibo, kwenye soko ambalo watu wa mjini wanaliita Mahakama ya Ndizi. Mama mmoja tuliyemwamkia na kumweleza shida yetu alitutazama kwa muda, akasema, "Wanangu, wenzenu wanakuja kununua ndizi, nyie mnataka nzi?" Akatupa bure chane la kisukari lililoanza kulainika. Kwenye chane lile tulimchagua jike mmoja tu, tukamtenga katika chupa yake, na nzi wote ninaowataja humu ni uzao wake. Nilisisitiza jambo hili kwa sababu juu ya ndizi moja ya Dar huwa kuna aina kadhaa za nzi wanaofanana kwa mbali. Wapo wenye mistari myeupe inayoanzia kichwani hadi mgongoni, ambao ni wa jenasi nyingine, Zaprionus. Wapo pia ndugu wa karibu wa nzi wetu, Drosophila melanogaster, ambao majike wao huwezi kuwatofautisha kwa macho. Dume na jike wakiwa wa aina mbili, kukataliwa hakuna ajabu yoyote. Wakiwa uzao wa mama mmoja, hoja hiyo haina pa kusimama. Madume tuliwakagua kwa hadubini ya shule: ncha ya tumbo nyeusi, na kitana kidogo cheusi kwenye miguu ya mbele.

Chakula chao kilikuwa uji mzito wa sembe uliochanganywa na ndizi iliyopondwa, hamira ya dukani, na siki kidogo ya kuzuia ukungu. Shida yetu kubwa ilikuwa joto. Kwenye nyuzi 25 nzi hawa hutoka yai hadi utu uzima kwa siku kama 10. Joto likikaribia nyuzi 30 madume huanza kupoteza uwezo wa kuzalisha, na mwezi wa pili Mbagala nyuzi 30 si jambo la kushangaza. Tulichukua vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati tukajaza mchanga uliokuwa unaloweshwa asubuhi na jioni, chupa tukaziweka ndani. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo joto lilishuka kwa nyuzi mbili tatu tu. Zilitutosha.

Kilichohitaji uvumilivu ni kupata majike ambao hawajapandwa. Jike aliyetoka tu kwenye pupa hamkubali dume kwa saa zake za mwanzo, kama saa 8 hivi kwenye nyuzi 25. Kwa joto letu tulijipa saa 4, tusije tukajidanganya. Mabinti wawili wanaokaa bweni waliamka saa 11 alfajiri, wakawatoa nzi wote wakubwa kwenye chupa za pupa, kisha wakarudi kabla ya saa 3 asubuhi kuchukua waliotoka katikati ya saa hizo. Nzi mchanga unamjua: mwili umepauka, mabawa bado yana mikunjo, na tumboni kuna doa jeusi, mabaki ya mlo wa mwisho alipokuwa funza, linaonekana kupitia ngozi kama tone la wino chini ya karatasi. Kila jike aliwekwa peke yake, kila dume peke yake, siku nne, ndipo tukaanza.

Sasa nirudi Jumamosi, maana bila kuielewa Jumamosi huwezi kuielewa Jumatatu.

Jumamosi dume alipoingizwa alizunguka chupa mara mbili, akamwona jike, akageuka kumkabili. Akamsogelea na kumgonga kwa mguu wa mbele. Watoto walidhani anamsukuma. Nikawaeleza kwamba alikuwa anamwonja, kwa sababu nzi ana vionjio miguuni, na ngozi ya jike imepakwa mafuta ambayo ya dume hayafanani nayo. Kwa mguso mmoja dume anajua aliye mbele yake ni jike au dume mwenzake, wa aina yake au wa aina nyingine. Habari hiyo inapanda hadi kwenye ubongo na kukutana na habari za macho na za harufu katika kundi dogo la seli za neva ambalo watafiti wanaliita P1. Ziko takriban 20 kila upande wa ubongo, na jike hana. Maabara zimeonyesha kwamba seli hizi zikiamshwa kwa ufundi, dume aliye peke yake, hakuna jike wala kivuli chake, ananyoosha bawa na kuimba.

Kutetemesha bawa ni kuimba kweli. Sisi hatusikii, lakini ni midundo inayofuatana kwa nafasi ya takriban milisekunde 35, ikichanganyika na mvumo wa mitetemo kama 160 kwa sekunde, na kila aina ya nzi ina mwendo wake wa midundo. Jike anasikia kwa vinyweleo vya vipapasio vyake. Jumamosi jike wetu alitembea, akapunguza mwendo, akasimama, akafungua vibamba vidogo vilivyo nyuma ya tumbo lake. Dume akapanda. Tulihesabu kwa saa ya ukutani: dakika 18. Baada ya hapo tukamwondoa dume, jike akabaki na chakula chake.

Kwa nini dume anaimba na jike haimbi, wakati wote wawili wana mabawa, na neva za kuyaendesha pia wanazo? Historia ya swali hili ni tamu. Mwaka 1963 mtafiti Kulbir Gill alieleza nzi ambao jeni yao moja ilikuwa imeharibika, madume wakawa wanawatongoza madume wenzao na hawazai. Jeni hiyo baadaye iliitwa fruitless. Ilikuja kuonekana kwamba dume hutengeneza kutokana na jeni hiyo protini ambazo jike hazitengenezi, ndani ya seli za neva takriban 2,000 tu. Mwaka 2005, huko Vienna, Ebru Demir na Barry Dickson walilazimisha majike watengeneze protini za kidume. Majike wale wakaanza kuwafuata majike wenzao, kuwagonga kwa mguu na kunyoosha bawa. Nilipowasimulia watoto hili chumba kilinyamaza. Na mimi, miaka yote hii ya kufundisha, bado linanigusa: mwenendo mzima wa kutongoza, hatua kwa hatua, hakuna aliyemfundisha nzi yule, umejengwa ndani ya nyaya za ubongo kabla hajatoka kwenye pupa.

Basi, Jumatatu.

Kijana wa kwanza alisema jike anaumwa. Mwingine akasema amechoka. Wa tatu, kwa sauti ya mtu aliyekwishafanya uamuzi, akasema, "Jike hana tatizo. Dume ndiye mbovu." Hoja yake ilikuwa na mantiki, na njia ya kuipima ilionekana rahisi: mchukue dume huyuhuyu, mweke na jike ambaye hajapandwa, uone. Tukafanya hivyo palepale. Dume akageuka mara moja kumtazama jike mpya, akamfuata hatua chache, kisha akaenda kutembea juu ya pamba iliyoziba mdomo wa chupa. Dakika kumi. Kumi na tano. Hakunyoosha bawa hata mara moja.

"Si nilisema?"

Nakiri kwamba nilikaribia kukubaliana naye. Daftari lilikuwa limeshafunguliwa kuandika: dume dhaifu, jaribio lirudiwe. Aliyetuokoa ni binti mmoja mkimya anayekaa daima mwisho wa benchi. Aliuliza, "Mwalimu, lakini huyu dume ametoka kukataliwa saa nzima. Yule wa Jumamosi hakuwa amekataliwa na mtu. Tunawalinganishaje?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha kazi yetu yote. Tulikuwa tumemchukua dume kana kwamba ni kipimajoto, unakichomoa hapa unakichomeka pale na kinasoma vilevile. Dume ana ubongo, na ubongo unakumbuka. Tukapanga upya. Dume mpya ambaye hajakutana na jike yeyote tukamweka na jike ambaye hajapandwa: alipokelewa ndani ya dakika nane. Dume mwingine mpya tukamweka na jike wetu wa Jumamosi: mateke, kukimbia, mrija usoni, dakika 40 nzima. Na yule aliyeitwa mbovu tukamwacha peke yake usiku kucha na chakula. Jumanne saa 10 jioni tulimpa jike ambaye hajapandwa. Dakika tano hazikuisha.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili, na sisi tuliyachanganya likawa moja. Kukataa kulikuwa kwa jike. Kunyong'onyea kwa dume kulikuwa matokeo ya kukataliwa, na kulipita.

Hili la dume lina historia yake. Mwaka 1979 Richard Siegel na Jeffrey Hall walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba dume akikaa na jike aliyekwishapandwa, akitoka hapo hupunguza kutongoza hata akipewa jike ambaye hajapandwa, na hali hiyo hudumu saa mbili hadi tatu. (Hall huyu ndiye aliyekuja kupata Nobel mwaka 2017 pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya saa ya mwili wa nzi.) Jike aliyepandwa hubaki na harufu ya dume wa kwanza, feromoni ambayo dume humwachia wakati wa kupandana. Dume wa pili anapokataliwa huku anainusa harufu hiyo, anaanza kuitilia maanani kuliko mwanzo. Mafunzo hayo yanapita katika sehemu ya ubongo wa nzi inayofanana na uyoga, yenye kichwa na shina, na seli zinazotoa dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe katika ubongo, ndizo zinazoweka alama kwamba jambo hili likumbukwe.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2012, ulioongozwa na Galit Shohat-Ophir, uliokutanisha kukataliwa na pombe. Madume waliokataliwa mara kwa mara kwa siku nne, na madume waliopandana, walipewa nafasi ya kuchagua kati ya chakula cha kawaida na chakula chenye kilevi cha asilimia 15. Waliokataliwa walikunywa zaidi. Ndani ya ubongo wao kemikali moja, niuropeptidi F, ilikuwa imeshuka. Kwa waliopandana ilikuwa juu. Watafiti walipoipandisha au kuishusha wenyewe, unywaji ukabadilika pamoja nayo. Vijana waliposikia hayo walianza kutaja watu wa mtaani kwao, nikawazuia. Nzi anatuonyesha kwamba ubongo una hesabu ya ndani ya kuridhika na kukosa, na kwamba hesabu hiyo inaweza kujazwa kwa njia zaidi ya moja. Hatuambii lolote kuhusu jirani yako na maisha yake. Na kukataa kwa mtu hakusomwi kwa nzi. Mtu ana sababu zake na ana kinywa cha kuzisema.

Sasa jike. Hapa ndipo moyo wa kisa hiki.

Dume wa Jumamosi hakuacha mbegu peke yake. Pamoja na mbegu alimwachia jike majimaji yenye protini nyingi, na mojawapo ni ndogo sana, mnyororo mfupi wa asidi za amino 36, yaani peptidi, unaotengenezwa kwenye tezi zilizo kando ya njia ya mbegu ya dume. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich waliitenga peptidi hiyo na kuichoma kwa sindano ndani ya majike ambao hawajawahi kupandwa. Majike wale wakaanza kuwakataa madume na kutaga mayai kana kwamba wamepandwa. Hakuna dume aliyewagusa. Ni tone la kemikali tu. Baadaye yakaja majaribio ya upande wa pili: dume akinyimwa uwezo wa kuitengeneza peptidi hiyo, jike aliyepandwa naye anakuwa tayari kumpokea dume mwingine mapema. Kipokezi chake mwilini mwa jike kilijulikana mwaka 2008, katika kazi ya Nilay Yapici na wenzake. Jike asiye na kipokezi hicho anapandwa kama kawaida, kisha siku ya pili anakubali tena kana kwamba jana haikuwepo.

Watoto walitarajia niseme kwamba peptidi inakwenda moja kwa moja kichwani. Njia yake ni ya kuzunguka kidogo, na ni nzuri kuifuata. Kwenye kuta za njia ya uzazi ya jike kuna seli chache za neva zenye kipokezi hicho. Jike akiwa hajapandwa, seli hizo zinafanya kazi. Zinatuma ishara hadi kwenye fundo la neva la tumboni, na kutoka hapo seli nyingine chache zinaipandisha ishara hadi kwenye ubongo, zikiamsha kundi linaloitwa pC1. Peptidi ikifika inazinyamazisha seli za kwanza. Zikinyamaza, zile zinazopandisha ishara zinapoa, na pC1 inapoa pia. Yaani ubongo wa jike haupokei ujumbe wa kusema "nimepandwa". Unachopokea ni ukimya mahali palipokuwa na sauti. Ukikaa jirani na mashine ya kusaga huisikii ikiunguruma mchana kutwa, unashtuka inapozimwa. Ushahidi ni huu: watafiti walipozinyamazisha seli hizo za njia ya uzazi kwa ufundi wa jeni, bila peptidi wala dume, majike ambao hawajapandwa walijiendesha kama waliopandwa.

Na pC1 ikipoa, nini kinatokea anapokuja dume na wimbo wake? Hapa nilichora ubaoni, maana hili lilichapishwa juzijuzi tu, mwaka 2020 na 2021. Kuvifungua vile vibamba vya nyuma kunaendeshwa na jozi moja ya seli zinazoshuka kutoka kwenye ubongo, ambazo jike anazo na dume hana. Jozi hiyo inapokea habari kutoka kwa seli za kusikia zilizolingana na mwendo wa wimbo wa aina yao. Jike aliyepandwa bado anausikia wimbo vilevile. Seli zake za kusikia zinaitika kama kawaida. Kinachofifia ni mwitikio wa ile jozi inayofungua, kwa sababu msukumo wa pC1 umepungua. Jozi nyingine ya seli inayoshuka ndiyo inayomfanya jike achomoze mrija wa kutagia. Kwa hiyo dume wa Jumatatu hakuimba vibaya. Wimbo wake ulisikika wote, ukafika kwenye ubongo ambao mlango wake wa kukubali ulikuwa karibu umefungwa na wa kukataa uko tayari.

Kuna jambo moja zaidi linalofanywa na pC1, nalo ndilo lililoondoa kabisa hoja ya ugonjwa. Jike akiwa hajapandwa, pC1 iliyo hai inasaidia kuzizuia seli zinazoendesha utagaji. Ikipoa, kizuizi kinaondoka. Kwa maneno mengine, kitufe kimoja kinafunga kupandana na kufungua kutaga kwa wakati mmoja. Tuliinua chupa ya jike wetu kwenye mwanga wa tochi ya simu: juu ya uji wa sembe kulikuwa na mayai yametapakaa, meupe, kila moja na nyuzi mbili nyembamba kichwani kama pembe. Chupa ya dada yake ambaye hajapandwa, siku zilezile, chakula kilekile, ilikuwa karibu tupu. Jike mgonjwa au aliyechoka hatagi namna ile. Kijana aliyesema anaumwa aliangalia chupa zote mbili kwa muda mrefu, akafuta neno "mgonjwa" kwenye daftari lake mwenyewe.

Ubongo wote wa jike, ambao ramani yake kamili ilichapishwa mwaka 2024, una seli takriban 139,000. Seli zinazoamua jambo hili unaweza kuzihesabu bila kuchoka.

Tuliendelea kumpa dume mpya kila baada ya siku mbili, nusu saa, kisha tunamtoa. Jumatano, Ijumaa, Jumapili: mateke. Watoto walianza kuuliza kama atakataa mpaka afe. Hapo nikawapa kipande cha habari nilichokuwa nimekificha makusudi. Peptidi ikiingia peke yake, bila mbegu, athari yake hupotea ndani ya siku moja au mbili. Inadumu zaidi kwa sababu imenata kwenye mikia ya mbegu, na mbegu zimehifadhiwa ndani ya vifuko vya jike. Inakatika kidogokidogo, siku baada ya siku. Mbegu zikiisha, na peptidi imeisha. Basi nikawauliza: mtajuaje, bila kumpasua jike, kwamba mbegu zinaelekea kuisha?

Ni yule binti wa mwisho wa benchi aliyejibu. Yai lililorutubishwa huanguliwa ndani ya kama siku moja. Kwa hiyo tuhamishe jike kila siku kwenye chupa mpya, tuangalie chupa ya jana kwa lenzi ya mkono: yaliyobaki maganda matupu ni ya mbegu, yaliyobaki mazima na kuanza kusinyaa ni ya jike peke yake. Alijitolea kuifanya kazi hiyo kila asubuhi kabla ya paredi. Wiki ya kwanza maganda matupu yalikuwa karibu yote. Jumatatu ya pili akaja ofisini kwangu na chupa mkononi: mayai mazima yalikuwa yameongezeka. Jumanne yakaongezeka zaidi. Akaandika kwenye daftari, kabla ya jaribio, kwamba jike atakubali karibuni.

Jumatano, siku ya 11 tangu kupandwa, dume mpya akaingizwa. Jike alikimbia mara moja. Dume akamzunguka, akanyoosha bawa. Jike akapunguza mwendo. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia makelele ya daladala barabarani na kengele ya muuza aiskrimu, basi. Jike akasimama, na safari hii mrija haukutoka.

Mmoja wa vijana, ambaye babu yake ana miembe Mkuranga, aliuliza kama haya yanafaa kitu shambani. Nzi wa embe, Bactrocera dorsalis, ni wa familia nyingine, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, na sitadai kwamba peptidi yake ni hii. Lakini mitego ya methili yujenoli, kemikali yenye harufu, inayowekwa kwenye miembe huvuta madume tu, na dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike wengi. Ndiyo maana babu anaweza kuona mtego umejaa nzi na embe bado zinaoza. Upande wa pili wa shilingi uko Unguja. Kati ya 1994 na 1997 mbung'o walitokomezwa kisiwani kwa kuachia kutoka kwenye ndege madume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi. Jike wa mbung'o aliyepandwa na dume tasa hufunga mlango kama aliyepandwa na dume mzima, na hazai. Hakuna aliyehitaji kumkamata.

Jike wetu alikufa wiki ya nne, akiwa na uzao wa baba wawili kwenye chupa zilizopangwa dirishani. Watoto wamekwishaanza jaribio lingine, la kupima dume aliyekataliwa anahitaji saa ngapi kabla hajaimba tena. Chupa zao zina vipande vya plasta vilivyoandikwa kwa kalamu, AMEPANDWA na BADO, na ukutani juu ya vyungu, kwa chaki, kwa mwandiko wa yule binti, kuna kanuni moja: dume mmoja, jaribio moja, siku moja.